Gari la Patricie na Mdomo wa Mukengere

Mtaani kwao Kamembe hakuna mtu aliyewahi kumwomba Mukengere ushauri, na hakuna aliyewahi kuukosa. Zamani alikuwa akipitisha mizigo ya wafanyabiashara kwenye mpaka wa Bukavu. Tangu aache kazi hiyo alishinda akizunguka na redio ndogo mfukoni, akitafuta kitu kilichoharibika. Akikipata, alikisogelea mikono ikiwa mgongoni, akakiinamia, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akatoa jibu. Jibu lilikuwa lile lile siku zote. Friji ya Béatrice muuza soda ilipoacha kugandisha, Mukengere alisema kuna fasi, yaani mahali, hewa inatoroka. Bomba la maji lilipokauka, kuna fasi hewa inatoroka. Timu ya mtaa ilipofungwa nyumbani, alisema mabeki wanaacha hewa itoroke. Watu wakacheka, ila yeye hakuwa anatania.

Watu wengi walimvumilia. Patricie Dusabe hakumvumilia hata kidogo.

Patricie alikuwa mjane mwenye miaka hamsini na kitu, mabega mapana na sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, binti wa dereva wa malori Mnyarwanda aliyejitengenezea malori yake mwenyewe, na utoto wake aliupitisha chini ya injini huku wenzake wakiruka kamba. Aliporudi Rwanda aliolewa, akazika mume, akaanza kununua mchele katika bonde la Bugarama na kuupandisha Kamembe kuuza. Gari lake lilikuwa kuukuu, la dizeli, refu kwa nyuma, lenye turbo, na hakuna garaji iliyoruhusiwa kuligusa. Alisema mafundi wa garaji hubadilisha vitu kimoja kimoja mpaka kilichoharibika kikutwe, kisha wanajisifu kwamba walikijua. Yeye alifanya kazi zake uani, juu ya turubai, amevaa ovaroli ya marehemu mumewe, na aliyesimama langoni kutazama aliulizwa kama nyumbani kwake hakuna sahani za kuosha.

Mlima wa kutoka Bugarama ndio uliomtia wazimu. Kila wiki gari likiwa na magunia lilipanda kwa kujikokota nyuma ya malori ya saruji, likila vumbi na moshi wao. Kwa hiyo mwaka huo, msimu wa mvua ulipokwisha, Patricie aliamua kuliongezea nguvu. Alinunua kwenye gari lililopata ajali kile kipozeo ambacho mafundi hukiita intakula: kama rejeta, lakini kazi yake ni kupoza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye injini, maana hewa baridi hushiba zaidi. Alikifunga mbele, akakichomelea mikono ya chuma ya kukishikilia, akapitisha mipira mipya ya hewa kwenda na kurudi. Alikaza kidogo fimbo ya valvu inayopunguza presha ya turbo, ili presha ipande kuliko kiwanda kilivyotaka. Mwisho akafungua pampu ya dizeli ili hewa hiyo nyingi ipate mafuta ya kuchoma nayo. Kwenye dashibodi akaweka geji ya presha.

Mara ya kwanza kupanda kutoka Bugarama, aliyapita malori ya saruji akiimba. Turbo ilipiga mluzi, sindano ya geji ikasimama pale alipotaka, na dereva mmoja wa lori akampigia honi ya hasira. Patricie alifika Kamembe akiwa na furaha ambayo hajawahi kuipata kanisani, na hilo alilisema mbele ya watu wa kanisani.

Furaha hiyo haikumaliza mwezi.

Teta, mtoto wa marehemu dada yake, aliyeishi naye tangu shule ya msingi, alikuwa anaolewa Mibirizi. Mahari ilikwisha lipwa, tarehe ya kanisa ilikwisha pangwa, na Patricie alikuwa ametangaza kwamba bibi arusi atapanda na gari la nyumbani kwao, si la kukodi. Jumapili moja walikwenda kwa wakwe kupeleka zawadi na kupanga mambo ya sherehe. Barabara ya udongo ya Mibirizi inapanda bila huruma. Katikati ya mlima wa mwisho, mbele kabisa ya nyumba ya wakwe, gari liliishiwa nguvu kama mtu aliyekatwa miguu. Patricie alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza. Nyuma likatoka wingu jeusi, zito, likashuka juu ya nguo zilizoanikwa kwenye ua wa watu.

Baba wa bwana arusi, Ladislas Ntawukuriryayo, alikuwa amesimama barabarani na shati lake jeupe kuwapokea. Alikuwa mkuu wa shule mstaafu, mtu aliyezoea kucheka kwa pua. Aliwangoja wafike, akitazama moshi, kisha akasema:

"Karibuni, Maman Patricie. Banatuambiya mnaleta zawadi, kumbe mnaleta makala?"

Wakwe wakacheka kusikia mkaa ukiitwa zawadi. Patricie akacheka pia, kwa meno tu. Walipomaliza kula, Ladislas akarudia jambo hilo kwa upole uliouma kuliko kicheko:

"Siku ya arusi tutatuma gari yetu imuchukuwe mutoto. Bibi arusi hawezi fika kanisani na masizi. Si njo vile?"

"Gari yangu itapanda," Patricie alisema.

"Itapanda, ndiyo. Mais, lakini sisi bote tutakuwa tumekufa na moshi."

Njiani kurudi Patricie aliendesha macho yakiwa kwenye geji. Teta alimtazama mara moja, akageukia dirisha.

Kesho yake asubuhi boneti ilikuwa wazi na Patricie yuko ndani mpaka kiunoni. Mukengere alitokea langoni. Habari za Mibirizi zilikuwa zimemfikia kabla hajanywa chai. Akakiinamia kitu asichokiona, kutoka langoni, akafumba macho.

"Maman Patricie, kuna fasi hewa inatoroka."

"Papa Mukengere," Patricie alijibu bila kugeuka, "hata kichwa yako iko na fasi hewa ilitoroka, na hakuna mekanisie ataweza kuziba."

Watu waliopita wakacheka. Mukengere hakukasirika. Mtu wa aina yake hakasiriki, na hilo ndilo linalochosha. Alivuta kibao, akaketi nje ya lango.

Patricie alikuwa na maelezo yake, na yalikuwa maelezo ya mtu anayejua. Geji ilionyesha presha ndogo kuliko kawaida. Presha ikiwa ndogo, hewa ni chache, dizeli aliyoiongeza haiungui yote, ndiyo maana moshi ni mweusi na nguvu hakuna. Mpaka hapo alikuwa sawa. Kwa nini presha ni ndogo? Kwa sababu, alijiambia, ile valvu ya turbo aliyoikaza imekwama ikiwa wazi, inamwaga presha yote kwenye ekzosi. Alishika mipira ya hewa mmoja mmoja huku injini ikinguruma taratibu, akasikiliza, akapitisha kiganja. Hakuna upepo. Basi ni valvu.

Aliifungua valvu, akaisafisha, akairudisha. Akapanda kilima cha Kamembe kwa majaribio, akarudi na moshi ule ule. Akaitoa turbo nzima, akashika mhimili wake kwa vidole kuona kama unacheza. Haukucheza. Akabadilisha chujio la hewa. Akapunguza dizeli kwenye pampu. Moshi ukapungua, na nguvu nayo ikapungua, gari likawa kama ng'ombe mgonjwa. Akaifungua valvu tena, na safari hii aliirudisha akiitukana kwa Kifaransa, Kimashi cha Bukavu na Kinyarwanda.

Kila alipotoka chini ya gari, Mukengere alikuwa pale. Siku nyingine alikuja na wenzake, wastaafu kama yeye, akawaeleza injini ambayo hajawahi kuishika.

"Turbo ni kama mapafu," aliwaambia. "Mapafu ikitoboka, muntu anakohoa. Miye nilimuambiya. Batu ya kusoma habasikiyaka."

"Weye unajua turbo ni nini?" Patricie aliuliza.

"Ni kintu inapiga filimbi."

"Njo hivyo tu?"

"Na hewa inatoroka."

Teta, aliyekuwa akianika nguo, alitoa sauti ya kikohozi ambayo haikuwa kikohozi. Patricie alimkazia macho.

Arusi ilikaribia. Ladislas alipiga simu kuuliza, kwa heshima nyingi, watume gari saa ngapi. Patricie alimjibu kwamba gari liko sawa, akakata simu, akabaki amesimama uani na spana mkononi, akijua kwamba amesema uongo kwa mwalimu. Na pale langoni, yule mtu alikuwa akimenya muwa na kutikisa kichwa kwa huruma.

Huruma ya Mukengere ndiyo iliyomshinda.

Siku hiyo aliacha kutafuta ubovu wa gari. Alitaka kitu kingine: kumfunga mdomo Mukengere, hadharani, mara moja na milele. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga lililoingia sawasawa kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye turbo. Kitako cha kopo akakitoboa, akakipachika valvu ya tairi. Akalizungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akalikaza kwa kibanio cha chuma. Sasa ungeweza kuijaza njia yote ya hewa kwa pampu ya mguu kama unavyojaza tairi, injini ikiwa imezimwa, na penye tundu lolote, povu la sabuni lingevimba. Ni kipimo ambacho baba yake alikitumia kwenye malori. Yeye hakukifanya mapema kwa sababu kukifanya kungekuwa kumsikiliza Mukengere.

Akamtuma Teta awaite. Wastaafu wakaja, Béatrice akaacha soda zake akaja, na Mukengere akapewa kiti cha mbele kabisa.

"Papa Mukengere," Patricie alianza, akiwa na ndoo ya povu na brashi ya rangi, "leo tunatafuta hewa yako. Kama iko inatoroka, itatuonyesha. Kama haiko, unaenda kwako na haurudi hapa kwangu mpaka mutoto ya Teta aoe. Unakubali?"

"Nakubali," Mukengere alisema.

"Bote mumesikiya?"

Wote walikuwa wamesikia. Teta akaanza kukanyaga pampu. Patricie akapaka povu kwenye kiungo cha kwanza, karibu na turbo.

"Muangaliye. Hapa kuko kintu?"

"Hapana," wakasema.

Cha pili. "Na hapa?"

"Hapana."

Sauti yake ilipanda kwa kila kiungo. Alipaka juu ya intakula, pembeni, kwenye mpira wa kurudi, akawageukia kila mara kama padri anayewageukia waumini. Béatrice alianza kucheka kabla ya wakati. Mukengere alikaa magoti pamoja, na kwa mara ya kwanza mtaani humo alionekana mzee.

"Kumebaki kiko ya chini," Patricie alisema, akimaanisha ule mpira uliopinda chini ya intakula. Akalala chali, akajisukuma chini ya gari na brashi yake.

Akapaka. Povu likakaa kimya kidogo. Halafu upande wa nyuma wa mpira, mahali ambapo mkono usingefika wala jicho kuona kutoka juu, likavimba, likapasuka, likavimba tena.

Patricie alilitazama. Akalifuta kwa kidole, likarudi. Mpira ulikuwa umechanika mstari mrefu kama kidole, na uliokuwa umeuchana ni ukingo wa ule mkono wa chuma alioukata na kuuchomelea mwenyewe, akaacha kuupiga tupa kwa sababu alikuwa na haraka ya kwenda kuyapita malori. Injini ikinguruma taratibu, mchaniko ulijifunga. Presha ikipanda mlimani, ulifunguka kama mdomo.

Chini pale hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Neno "hakuna" lilikuwa tayari ulimini. Angetoka, angejipangusa mikono, angewatawanya watu, na usiku angebadilisha mpira kimyakimya. Kesho gari lingepanda na Mukengere angekuwa amefukuzwa kwa haki. Alihesabu kwamba Mungu mwenyewe, akizingatia tabia ya Mukengere, asingelaumu sana. Akafungua kinywa.

Lakini Teta alikuwa bado anakanyaga pampu, kwa nguvu za bibi arusi anayetaka kufika kanisani, na uani palikuwa kimya kwa kungoja. Katika kimya hicho gari likatoa sauti ndefu, nyembamba, yenye aibu: psssss.

Wote waliisikia.

Patricie akabaki chini ya gari kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka, povu lilikuwa kwenye nywele zake.

"Iko," alisema.

Mukengere hakuruka wala hakushangilia. Alifanya jambo baya zaidi: aliinuka, akamshika bega, akasema, "Ni kawaida, Maman. Hata batu bakubwa banakosaka."

Watu walipoondoka, Patricie alilivunja lile kopo kwa kulikanyaga.

"Hajui kitu!" alimfokea Teta. "Angesema vilevile kama ingekuwa tairi! Angesema vilevile kama ingekuwa jino! Amesema kweli na hakujua!"

Teta alikuwa akimwaga maji ya povu kwenye mfereji. "Na weye, Tantine, ulikuwa unajua," alisema taratibu. "Na kweli haukuisema mpaka gari yenyewe ikasema."

Patricie alimwambia ampe tupa.

Kazi yenyewe haikumaliza asubuhi. Aliushusha ule mkono wa chuma, akaupiga tupa mpaka ukingo ukawa laini kama kijiko, akausogeza mbali, akafunga mpira mpya, mnene. Akarudisha dizeli kwenye pampu. Akapanda kilima: sindano ya geji ikaenda mahali pake ikatulia, na kwenye kioo cha nyuma barabara ilionekana safi. Hakuimba. Alisimamisha gari kileleni, akatazama ziwa na nyumba za Bukavu ng'ambo, akahisi hasira ya mtu aliyepona kwa dawa ya mganga asiyemheshimu.

Siku ya arusi gari lilipanda Mibirizi kwa gia ya tatu, maua kwenye boneti, Teta nyuma na shela yake haina doa. Ladislas alikuwa amesimama pale pale. Alilizunguka gari, akainama nyuma ya ekzosi katika suti yake, akasubiri moshi, na moshi haukuja.

Chini ya hema, baada ya kanisa, Mukengere, aliyekuja na basi dogo la wageni bila mtu kukumbuka kumwalika, alikuwa tayari ana meza nzima inayomsikiliza. Patricie aliisikia sauti yake ikivuka hema: turbo, mapafu, povu, mimi. Kufika katikati ya hadithi Mukengere alikuwa ndiye aliyelala chini ya gari.

Ladislas akamjia Patricie na chupa ya soda, macho yakimeremeta. Alikuwa ananusa ugomvi kama mtu anavyonusa nyama choma.

"Maman, ule mzee anasema ni yeye alitengeneza gari yako. Ni kweli?"

Meza ya wanawake ikageuka. Patricie alikuwa na majibu mengi, yote mazuri, na moja lingemfanya Mukengere aondoke Mibirizi kwa miguu. Akainua macho. Teta alikuwa akimtazama kutoka meza ya maarusi.

"Kutengeneza, nilitengeneza miye," Patricie alisema. Akameza. "Kuona, njo yeye aliona. Aliona mbele, miye nikaona nyuma."

Ladislas alingoja kama kuna kinachofuata. Hakikufuata. Akamwekea soda mezani, akaenda zake amekata tamaa, na huo ndio uliokuwa utamu wa pekee ambao Patricie aliupata siku hiyo.

Sifa za Mukengere zilidumu wiki chache. Watu walimpelekea pikipiki, jenereta, hata cherehani. Mwenye lori moja alibadilisha mipira yote ya hewa kwa amri yake, kisha akagundua kwamba dizeli yake ilikuwa imeingia maji, akaja kumtafuta kwa sauti kubwa. Patricie alilisikiliza tukio hilo akiwa nyuma ya dirisha, hakukosa hata neno.

Baadaye kidogo, alfajiri moja akijiandaa kushuka Bugarama, Mukengere alimwomba lifti mpaka njia ya Ruhwa. Alikuwa na ndugu upande wa Burundi. Patricie alitazama kiti kitupu, akatafuta sababu, akaikosa. Mukengere akaketi mbele, akawasha redio yake, akaizima. Mteremko ulipowafikisha karibu na mashamba ya mchele, alinyoosha kidole kwenye geji.

"Maman Patricie, hii sindano, inaonyeshaka nini?"

Lilikuwa swali la kweli. Patricie alishangaa kiasi cha kupunguza mwendo. Akaanza kumweleza, kwa uvumilivu ambao hakujua kama anao, jinsi moshi wa ekzosi unavyozungusha turbo, na turbo inavyoisukuma hewa, na hewa inavyo...

"Hapana," Mukengere alisema, akitikisa kichwa. "Haiko vile."

Patricie alifunga mdomo, akabadilisha gia, akakanyaga mafuta mpaka mluzi wa turbo ukalijaza gari zima. Mukengere aliendelea kueleza. Midomo yake ilikuwa inacheza mpaka walipofika Ruhwa, na Patricie hakusikia hata neno moja.